Saratani ya titi ya ukoo: uliza uvimbe wako ni wa aina gani

Ukoo ukishazika bibi, mama mkubwa na binti mmoja kwa ugonjwa wa titi, maneno huanza. Wapo wanaosema nyumba ile imetupiwa jambo, wapo wanaosema ni mkosi, na wapo wanaokataa kuchumbia mabinti wa hapo. Binti aliyekua akiyasikia maneno hayo, siku akioga akagusa kivimbe, mara nyingi haendi hospitali. Hunyamaza, kwa sababu anaamini anaujua mwisho wake: ameshauona kwa mama yake.

Namwandikia binti huyo, awe Kimbiji, Mwasonga au Pemba Mnazi upande wa Kigamboni, awe Mbagala au Bunju. Nina jambo moja la kumwambia. Kurithi hatari ya saratani si kurithi kifo cha mama. Kinachoamua ni tabia ya uvimbe wenyewe, mahali ulipofika siku unapogunduliwa, na kama umepewa dawa inayoendana nao. Kila kimoja kina maswali yake, na maswali hayo mgonjwa anaweza kuyauliza kwa kinywa chake, bila kusoma udaktari.

Ushahidi upo. Mwaka 2018 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya kufuatilia wanawake 2,733 waliopata saratani ya titi wakiwa na miaka 40 au chini ya hapo, kutoka hospitali 127. Wanawake 12 katika kila 100 walikuwa wamerithi hitilafu katika jeni za BRCA1 au BRCA2, zile zinazojulikana zaidi kwa saratani hii. Baada ya miaka 10, waliokuwa hai miongoni mwa waliorithi walikuwa takriban 73 kwa 100. Miongoni mwa wasiorithi walikuwa 70 kwa 100. Kitakwimu, hiyo si tofauti. Waliorithi hawakufa zaidi, na hao walikuwa wagonjwa waliofika hospitali wakatibiwa.

Kwetu hali ni nyingine. Tathmini ya huduma za saratani ya matiti nchini iliyotolewa mwaka 2017 ilionyesha kwamba takriban wanawake 80 kati ya 100 hufika hospitali ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne. Tunachokiita laana ya ukoo, sehemu yake kubwa ni kuchelewa.

Kinachorithiwa ni nini

Kila seli ya mwili wako hupata majeraha madogo kwenye vinasaba vyake kila siku, na kila siku hujitibu. BRCA1 na BRCA2 ni miongoni mwa jeni zinazosimamia ukarabati huo. Wavuvi wa Kimbiji watanielewa haraka: chombo chenye mafundi wawili wa kushona nyavu, mmoja akiugua, kazi bado inaendelea, wa pili naye akiondoka, nyavu hubaki na matundu, na kila safari huyaongeza. Kila mtu huzaliwa na nakala mbili za kila jeni, moja kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba. Aliyerithi hitilafu huanza maisha na nakala moja nzima. Ikitokea seli moja ya titi ikaipoteza na hiyo iliyobaki, uharibifu wa vinasaba huanza kurundikana, na saratani inaweza kuota.

Hapa kuna mambo mawili ya kushika. La kwanza, kurithi ni hatari, si hakika. Utafiti mkubwa wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba kufikia umri wa miaka 80, wanawake wapatao 72 kati ya 100 wenye hitilafu ya BRCA1 na 69 kati ya 100 wenye ya BRCA2 watakuwa wamepata saratani ya titi. Hatari hiyo ni kubwa sana, lakini wapo wanaozeeka bila kuugua. La pili, mtoto yeyote wa mwenye hitilafu, wa kike au wa kiume, ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Baba anaweza kuibeba maisha yake yote bila dalili na kumrithisha binti yake. Kwa hiyo daktari akikuuliza habari za familia, usiishie kwa mama na mama wadogo. Mtaje shangazi. Mtaje bibi mzaa baba.

Usidhani pia kwamba haya ni maradhi ya Wazungu. Utafiti uliofanyika Nigeria na kuchapishwa mwaka 2018, ukiongozwa na Profesa Olufunmilayo Olopade wa Chuo Kikuu cha Chicago na wenzake, uliwapima wagonjwa 1,136 wa saratani ya titi. Karibu 15 kati ya 100 walikuwa wamerithi hitilafu katika jeni mojawapo ya saratani hii. BRCA1 iliongoza, ikafuatiwa na BRCA2, kisha PALB2. Utafiti wa Uganda na Cameroon uliotoka mwaka 2020 ulikaribiana na huo.

Uvimbe wa BRCA1 na wa BRCA2 haufanani

Hili ndilo jambo ambalo familia nyingi hazijawahi kuambiwa. Dada wawili wanaweza kuugua saratani ya titi, mmoja akaishi miaka 20 na mwingine akaondoka ndani ya miwili, wala asiwepo aliyekosea dawa wala aliyelogwa. Uvimbe wao ulikuwa wa aina tofauti.

Wataalamu wa maabara huukagua uvimbe kwa alama tatu. Mbili ni vipokezi vya homoni, yaani milango inayopokea homoni za kike za estrojeni na projesteroni. Katika majibu huandikwa ER na PR. Ya tatu ni HER2, protini inayousukuma uvimbe ukue. Uvimbe wenye vipokezi vya homoni hula homoni, kwa hiyo unaweza kunyimwa chakula hicho kwa kidonge. Uvimbe wenye HER2 nyingi una dawa yake mahsusi, trastuzumabu. Uvimbe usio na hata moja kati ya hizo tatu huitwa hasi tatu. Huo mara nyingi hukua haraka, huwapata zaidi wanawake wenye umri mdogo, na silaha yake kuu ni tibakemia, yaani dripu za kemo.

Takriban 7 kati ya 10 ya vimbe zinazotokana na BRCA1 ni hasi tatu. Zile za BRCA2, zaidi ya 7 kati ya 10 zina vipokezi vya homoni, na mwenendo wake hufanana na saratani ya kawaida isiyo ya kurithi. Ndiyo maana kumwambia mtu "una saratani ya ukoo" hakujamwambia kitu. Lazima ajue aina.

Kumekuwa na dhana kwamba wanawake wa Kiafrika karibu wote huugua aina isiyo na vipokezi, hivyo vidonge vya homoni havina kazi kwao. Utafiti wa Kenya uliochapishwa mwaka 2014 na Dk. Shahin Sayed wa Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, na wenzake, ulikuta kwamba sampuli zikishughulikiwa vizuri, takriban 7 kati ya 10 zilikuwa na vipokezi vya estrojeni, na hasi tatu zilikuwa kama 1 kati ya 5. Mwanamke asiyepimwa vipokezi anaweza kunyimwa kidonge cha tamoksifeni ambacho kingemwongezea miaka ya kuishi. Kidonge hicho ni cha bei nafuu ukilinganisha na dawa nyingi za saratani.

Kivimbe cha mviringo, laini, kinachoteleza

Tumefundishwa kwamba saratani ni uvimbe mgumu, wenye kingo zisizo sawa, ulioshikamana na nyama. Mara nyingi ni kweli. Lakini vimbe nyingi za BRCA1 huota zikiwa na kingo laini, za mviringo, na kwenye kipimo cha picha zinaweza kufanana na kivimbe kisicho na madhara cha wasichana. Mwanamke wa miaka 32 akiambiwa "hii ni tezi tu, itaondoka", na huku bibi yake na shangazi yake waliugua, hajapata jibu kamili.

Aseme hivi: "Daktari, kwetu kuna saratani ya titi. Naomba kichukuliwe kinyama kikapimwe." Sentensi hiyo fupi ina uzito kuliko malalamiko ya saa nzima. Sindano nene ya kuchukua kinyama haisambazi saratani. Hofu hiyo imewachelewesha wengi bila sababu.

Vivyo hivyo kwa mjamzito na anayenyonyesha. Uvimbe ukidumu zaidi ya wiki mbili au tatu, usikubali kuuita maziwa yaliyoganda mpaka umepimwa kwa altrasaundi na, ikibidi, kwa kinyama. Titi la mwanamke kijana lina nyama nyingi, na mamografia, yaani picha ya eksirei ya titi, peke yake inaweza isiuone uvimbe humo.

Kikopo cha kinyama na karatasi ya majibu

Kinyama kikishatolewa, ubora wa jibu unategemea kilivyotunzwa. Kinatakiwa kuingizwa ndani ya formalini, yaani dawa ya kuhifadhi kinyama, mapema, ikiwezekana ndani ya saa moja, na kisikae humo chini ya saa 6 wala kupita saa 72 kabla maabara haijakishughulikia. Kikicheleweshwa au kikiwekwa kwenye maji, vipokezi huharibika, na uvimbe uliokuwa navyo husomeka kama hauna. Kwa hiyo ukikabidhiwa kikopo ukipeleke maabara, uliza kama kilichomo ni formalini, kama jina na saa vimeandikwa, na ukipeleke siku hiyo hiyo.

Majibu yakitoka, usiondoke na neno "ni saratani" peke yake. Kaa kwenye kiti, uulize mambo haya, na uyaandike kwenye daftari:

Uvimbe ni wa daraja la ngapi? Daraja, 1 hadi 3, linaeleza ukali wa seli. Vimbe za BRCA1 mara nyingi ni daraja la 3.

Ugonjwa upo hatua ya ngapi? Hatua, 1 hadi 4, inaeleza umefika wapi. Daraja na hatua ni vitu viwili. Uvimbe wa daraja la 3 uliokamatwa katika hatua ya 1 una matumaini makubwa.

ER, PR na HER2 zimesomekaje? Kama hazijapimwa, zitapimwa lini na wapi?

Tezi za kwapani zimeguswa?

Omba nakala ya majibu na uitunze pamoja na kitambulisho chako. Maabara pia huhifadhi kipande cha kinyama ndani ya nta. Ukihamishiwa hospitali nyingine, kipande hicho kinaweza kuombwa na kupimwa tena bila kukutoboa upya.

Tiba hufuata tabia ya uvimbe

Wengi wanadhani dawa ya saratani ya titi ni kisu, na kwamba titi likishakatwa habari imekwisha. Upasuaji huondoa uvimbe unaoonekana. Seli zilizokwisha kutoroka hushughulikiwa na dawa, na dawa huchaguliwa kwa aina ya uvimbe.

Ukiwa na hasi tatu na uvimbe ni mkubwa kiasi, usishangae daktari akitaka kuanza na kemo kabla ya kukata. Hakucheleweshi. Kemo ikianza, daktari anaona kwa macho kama uvimbe unanywea, na ukitoweka kabisa kabla ya upasuaji, matarajio yako huwa mazuri zaidi. Hapo hitilafu ya kurithi hugeuka kuwa udhaifu wa saratani: seli isiyoweza kukarabati vinasaba vyake hufa kwa urahisi zaidi ikipigwa na dawa zinazovikata. Katika jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2018 kwa wagonjwa ambao ugonjwa ulikuwa umesambaa, waliorithi hitilafu za BRCA walionyesha mwitikio kwa kaboplatini kwa 68 kati ya 100, dhidi ya 33 kati ya 100 kwa dosetakseli. Kaboplatini si dawa mpya. Ukijulikana una BRCA, ni haki yako kuuliza kama inakufaa.

Ipo pia dawa ya vidonge, olaparibu, iliyotengenezwa kwa ajili ya udhaifu huo huo. Jaribio la kimataifa lililotangazwa mwaka 2021 lilionyesha kwamba wenye BRCA, HER2 hasi na hatari kubwa ya ugonjwa kurudi, wakiinywa mwaka mmoja baada ya matibabu ya kawaida, takriban 86 kati ya 100 walikuwa bado hawajarudiwa na ugonjwa baada ya miaka mitatu, dhidi ya 77 kwa wasioinywa. Bei yake ni kubwa, na ndiyo sababu nyingine ya kuidai ifike kwetu.

Ukiwa na vipokezi vya homoni, tamoksifeni hunywewa miaka 5, wengine hadi 10. Usiiache kwa kuwa unajisikia mzima. Aina hii inaweza kurudi hata baada ya miaka 15. Hasi tatu ni kinyume: hatari kubwa ya kurudi ipo ndani ya miaka mitatu ya mwanzo, na aliyevuka mitano ana sababu nzuri ya kupumua. Panga kliniki zako kwa kujua ratiba ya uvimbe wako.

Aliyerithi ana mambo mengine mawili ya kuzungumza na daktari wake. Moja ni titi la pili: ndani ya miaka 20 baada ya saratani ya kwanza, hatari yake ni takriban 40 kwa 100 kwa BRCA1 na 26 kwa 100 kwa BRCA2. La pili ni mifuko ya mayai, ambayo saratani yake haina kipimo cha kuaminika cha kuikamata mapema. Wenye BRCA1 hushauriwa kuiondoa pamoja na mirija wakishamaliza kuzaa, kati ya miaka 35 na 40. Wa BRCA2 wanaweza kungoja hadi 40 au 45. Ni maamuzi mazito, yanayohitaji mume kuelezwa na muda wa kufikiri, lakini yafanywe kwa kujua.

Kutoka Kimbiji hadi matibabu

Kimbiji ipo zaidi ya kilomita 30 kutoka kivukoni, na nauli ni sehemu ya ugonjwa. Panga safari zako zisipotee. Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, uchunguzwe kwa mikono na upewe barua ya rufaa kwenda hospitali ya wilaya ya Kigamboni au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Temeke. Aliye Kinondoni ana Mwananyamala. Kutoka hapo njia huelekea Muhimbili au Taasisi ya Saratani Ocean Road, ambayo ipo upande wa pili wa maji, mwendo mfupi kutoka Magogoni kivuko kinapotia nanga.

Beba rufaa, kitambulisho, kadi ya bima kama unayo, na majibu yote ya zamani. Kama huna uwezo wa kulipa, nenda kwenye ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla ya kukata tamaa na kurudi nyumbani. Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa saratani ya matiti ulioanza mwaka 2021, linataka mgonjwa apate jibu la uchunguzi ndani ya siku 60 tangu afike kituo cha afya. Hesabu siku zako. Zikifika 30 hujachukuliwa kinyama, rudi ukaulize.

Kipimo cha jeni bado hakipo katika kila hospitali, na mara nyingi sampuli husafirishwa nje ya nchi kwa gharama kubwa. Usingoje kipimo hicho ndipo uanze kujilinda. Historia ya familia iliyoandikwa vizuri ni kipimo cha kwanza, na haina gharama. Chukua karatasi, mwite shangazi, mama mdogo na mjomba, muandike nani aliugua titi au mifuko ya mayai, na akiwa na umri gani. Mwandike pia mwanaume aliyeugua titi au tezi dume, kwa kuwa BRCA2 huwagusa wanaume. Mpe daktari. Kama ndugu mmoja aliyeugua bado yupo hai, yeye ndiye wa kupimwa jeni kwanza: hitilafu ikipatikana kwake, kuwapima wengine huwa rahisi na nafuu zaidi.

Mwenye historia ya namna hiyo aanze kuchunguzwa na mtaalamu kila baada ya miezi 6 hadi 12 tangu akiwa na miaka 25. Kipimo bora kwa umri huo ni MRI ya matiti, yaani picha inayopigwa kwa sumaku. Pasipo uwezo wa MRI, altrasaundi na mikono ya mtaalamu ni bora kuliko kukaa. Mamografia huongezwa kuanzia miaka 30.

Neno langu kwa wazee wa koo: acheni kuficha. Mama aliyezikwa kwa ugonjwa ambao watoto hawakuambiwa jina lake amewaachia hatari bila kinga. Na kwako binti: ukiwa na kivimbe leo, usiwasubiri wazee wakubaliane. Nenda kesho asubuhi, taja ukoo wako, omba kinyama kipimwe, na usitoke mpaka umejua uvimbe wako ni wa aina gani.